Al-Biruni, Aliyeipima Dunia kwa Mlima Mmoja

Mkulima akitaka kujua ukubwa wa shamba lake huchukua kamba, au huhesabu hatua, akaufuata mpaka wa shamba hata arudi pale alipoanzia. Wazee wetu walipima nguo kwa dhiraa, yaani toka kiwiko cha mkono hata ncha ya kidole cha kati, na vitu vidogo walivipima kwa shibiri. Lakini je, dunia nzima itapimwa kwa nini? Hakuna kamba iwezayo kuizunguka, na hata kama ingekuwako, bahari na milima ingeizuia. Swali hili limewashughulisha wenye elimu tangu zamani, nao wamelijibu kwa njia mbalimbali. Katika makala hii nitaeleza maisha ya mmoja wao, ambaye alilijibu akiwa juu ya mlima mmoja tu, katika nchi ya ugeni alikofika bila kupenda kwake. Jina lake ni Al-Biruni.

Jina lake kamili ni Abu Raihan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Alizaliwa tarehe 4 Septemba, mwaka 973, kandokando ya mji wa Kath, uliokuwa mji mkuu wa nchi ya Khwarazm. Nchi hiyo ilikuwa katika bonde la mto Amu Darya, na mahali ulipokuwa mji wa Kath leo ni ndani ya Uzbekistan. Neno biruni limetoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ni mtu wa nje, yaani mkaaji wa nje ya mji. Mtoto huyu wa nje ya mji alikuja kupata sifa kuliko wote waliokaa ndani, hata siku hizi mji ulio mahali pale huitwa Beruniy kwa heshima yake.

Bahati yake ya kwanza ilikuwa kumpata mwalimu mwema. Abu Nasr Mansur alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme wa Khwarazm, na zaidi ya hayo alikuwa bingwa wa elimu ya pembetatu. Yeye ndiye aliyemfundisha Al-Biruni hisabati na elimu ya nyota, na baadaye aliandika vitabu kadhaa kwa ajili ya mwanafunzi wake huyo. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kikhwarazmi, lakini elimu ya siku zile iliandikwa kwa Kiarabu. Basi ilimpasa kijana ajifunze kwanza lugha ya kigeni, ndipo aifikie hisabati yenyewe. Sisi tunaosoma hisabati na jiografia kwa Kiingereza twaweza kufahamu vizuri kazi aliyokuwa nayo.

Alipopata umri wa miaka 17, yaani kama mwaka 990, Al-Biruni alifanya kipimo chake cha kwanza kinachojulikana. Alichukua pete kubwa iliyogawanywa katika nusu za digrii, akalipima jua lilipofika juu kabisa wakati wa adhuhuri, akapata latitudo ya mji wa Kath. Njia hiyo si ngumu kuielewa. Siku ambazo usiku na mchana huwa sawa, katika mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, jua la adhuhuri huwa utosini mwa mtu asimamaye kwenye ikweta. Kila anavyozidi kwenda kaskazini au kusini, ndivyo analivyoliona jua likiinama. Mtu akipima kimo cha jua adhuhuri ya siku hiyo, akakitoa katika digrii 90, jibu ni latitudo ya mahali aliposimama. Kwa siku nyingine za mwaka huongeza au hupunguza kiasi fulani, kwa kuwa jua halikai juu ya ikweta daima. Mji wa Kath uko kati ya digrii 41 na 42 kaskazini ya ikweta. Basi huyu alikuwa kijana wa umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Nne, naye alijua mahali pake juu ya uso wa dunia bila kuuliza mtu.

Baada ya hapo alikusudia kufanya vipimo vingi zaidi. Alitengeneza pete yenye kipenyo cha dhiraa 15, maana pete ikiwa kubwa alama za digrii huachana, na jicho huweza kusoma hata sehemu ndogo sana. Pia alitengeneza nusu tufe lenye kipenyo cha dhiraa 10 ili aichore juu yake miji kwa kadiri ya umbali wake, na umbali huo aliutafuta kwa kuwauliza wasafiri. Lakini mwaka 995 vita vilizuka katika nchi. Mtawala wa Gurganj alimpiga mfalme wa Kath, na watu wa upande ulioshindwa wakatawanyika. Al-Biruni aliwahi kupima jua la kiangazi cha mwaka ule katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto, kisha ikambidi ajifiche na kukimbia. Vyombo alivyovifanyia kazi kwa miaka aliviacha nyuma. Wakati huo alikuwa na miaka 22 tu.

Katika kukimbia kwake alifika mji wa Rayy, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tehran. Huko aliishi katika umaskini. Yasimuliwa kwamba mnajimu mmoja wa mji ule alibishana naye katika jambo la elimu, akamdharau kwa sababu ya umaskini wake, ingawa Al-Biruni ndiye aliyejua zaidi. Baadaye hali yake iliponyooka, mtu yule yule akawa rafiki. Katika Rayy vilevile alikutana na Al-Khujandi, fundi aliyejenga chombo kikubwa mno cha kupimia kimo cha jua, akajifunza kwake kwamba hata chombo kikubwa huweza kudanganya ikiwa jengo lake limetitia kidogo.

Kufikia Mei mwaka 997 alikuwa amerudi Kath, na hapo alifanya jambo ambalo linastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa jiografia. Latitudo hupatikana kwa jua au kwa nyota, lakini longitudo ni ngumu, kwa sababu dunia huzunguka na mbingu huonekana zikipita vile vile kila mahali. Ili kujua longitudo, hapana budi kulinganisha saa za mahali pawili kwa wakati mmoja. Leo twaweza kutumia redio. Siku zile hapakuwa na redio wala saa za kuaminika, lakini mbinguni kuna ishara moja ambayo watu wote walio upande wa usiku huiona kwa wakati mmoja, nayo ni kupatwa kwa mwezi. Basi Al-Biruni alipatana na Abul Wafa, mtaalamu mashuhuri wa Baghdad, kwamba kila mmoja autazame mwezi utakapopatwa tarehe 24 Mei, mwaka 997, na kuandika saa ya mahali pake. Walipolinganisha waliona tofauti ya karibu saa moja. Kwa kuwa dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kila saa moja ni digrii 15. Hivyo watu wawili waliotengwa na mwendo wa majuma mengi wa ngamia walipima nafasi iliyo kati yao kwa kuutazama mwezi.

Miaka iliyofuata aliishi kwa wafalme mbalimbali. Alikaa Jurjan, kusini mashariki ya bahari ya Kaspi, na huko kama mwaka 1000 alimaliza kitabu kikubwa juu ya kalenda na sikukuu za mataifa. Kisha alirudi kwao, akamtumikia mtawala mpya wa Khwarazm kwa muda wa miaka saba kama mshauri na mjumbe. Lakini katika siku hizo zote swali la ukubwa wa dunia halikumtoka moyoni.

Alijua kwamba swali hilo lilikuwa limekwisha jaribiwa. Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad, aliyetawala toka mwaka 813 hata 833, aliwatuma wataalamu katika jangwa la Sinjar. Walipima kimo cha ncha ya mbingu, yaani mahali ambapo nyota zote huonekana kuzunguka, kisha wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikwenda kaskazini moja kwa moja na jingine kusini, huku wakipima njia kwa kamba na kupigilia vigingi, mpaka kimo kile kilipobadilika kwa digrii moja kamili. Umbali waliokwenda ulikuwa kama maili 56 na theluthi mbili za Kiarabu, na kila maili ina dhiraa 4,000. Ukizidisha umbali wa digrii moja kwa 360 unapata mzingo wa dunia nzima.

Hapa ndipo penye msingi wa upimaji wote wa ardhi, uwe wa shamba au wa dunia. Kwanza uwepo umbali mmoja uliopimwa kwa mkono, kwa uangalifu mkubwa. Pili ziwepo pembe zilizopimwa kwa jicho. Mengine yote ni hesabu. Lakini njia ya al-Ma'mun ilitaka watu wengi, kamba nyingi, chakula, maji na mfalme wa kulipa gharama. Al-Biruni alitamani kuirudia kazi ile katika uwanda ulio kaskazini ya Jurjan, ila aliyemtegemea kwa msaada alipoteza hamu, na kazi ikakatika.

Mwaka 1017 mambo yaligeuka tena. Mtawala wa Khwarazm aliuawa na askari wake mwenyewe, na Sultani Mahmud wa Ghazna akaingia na jeshi akaitwaa nchi. Wenye elimu walihesabiwa pamoja na mali zilizotekwa. Al-Biruni, naye ana miaka karibu 44, alichukuliwa mpaka Ghazna, mji ulio katika Afghanistan ya leo, na kwa maisha yake yote yaliyobaki alikuwa chini ya masultani wa huko.

Mwaka uliofuata, tarehe 14 Oktoba 1018, twamkuta katika kijiji kimoja karibu na Kabul. Hali yake ilikuwa mbaya, na chombo cha kupimia hakuwa nacho hata kimoja. Mtu mwingine angalisema kwamba bila vyombo hakuna elimu. Yeye aliugeuza ubao wake wa kuandikia hesabu, akachora mgongoni mwake tao la duara, akaligawanya katika digrii, kisha akatundika timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni kama ule wa mwashi wa nyumba. Timazi ilimwonyesha wima, tao likamwonyesha pembe, na jua likafanya yaliyobaki. Kwa ubao na uzi alipata latitudo ya kijiji kile.

Sultani Mahmud alikwenda mara nyingi kupigana katika Bara Hindi, na Al-Biruni alipelekwa huko. Ndipo alipofika katika ngome ya Nandana, iliyo katika milima ya chumvi ya Punjab, nchini Pakistan ya leo. Karibu na ngome hiyo aliona mlima mrefu, na kusini yake uwanda mkubwa uliolala sawasawa kama uso wa bahari, unaokwenda mpaka mahali ambapo mbingu na nchi hukutana. Mtu wa kawaida angaliusifu uzuri wa mahali pale akapita. Al-Biruni alitambua kwamba amepata kile alichokuwa akikitafuta kwa miaka mingi. Mlima na uwanda vingemfanyia kazi ya makundi mawili ya al-Ma'mun.

Wazo lenyewe halikuwa lake peke yake. Yeye mwenyewe ameandika kwamba Sanad bin Ali, mtaalamu wa al-Ma'mun, aliwahi kuagizwa kupima kutoka mlima uliokuwa karibu na bahari. Al-Biruni hakuificha habari hiyo ili asifiwe yeye.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima urefu wa mlima bila kuteremsha kamba kutoka kileleni. Alitumia ubao wa mraba wenye pande zilizogawanywa sehemu sawa, na rula iliyozunguka kwenye pembe yake. Kutoka chini uwandani alikilenga kilele, na kwa pembetatu zinazofanana akapata urefu. Msingi wa kazi hiyo waweza kufahamika kwa mfano. Tuseme mwanafunzi amesimama mbali na kilima, akaona kilele kwa pembe ya digrii 30. Akakisogelea kwa mita 100 katika ardhi iliyo sawa, akaona pembe imekuwa digrii 45. Pale penye digrii 45, umbali wake hata chini ya kilele ni sawa na urefu wa kilima. Pale penye digrii 30, umbali ni urefu huo mara 1.732. Tofauti ya mahali pawili ni urefu mara 0.732, nayo ni mita 100. Basi kilima kina urefu wa karibu mita 137, na mwanafunzi hakukipanda. Kwa njia za namna hiyo Al-Biruni aliupata mlima wa Nandana kuwa na dhiraa 652 na sehemu kidogo, yaani kama mita 320.

Kazi ya pili ilifanywa kileleni. Mtu akiwa juu ya mlima na kutazama mbali, jicho lake halitazami sawasawa mbele, bali huinama kidogo ndipo lione upeo wa macho. Dunia ingekuwa bapa isiyo na mwisho, upeo ungekuwa sawa na jicho lake daima. Kwa kuwa ni mviringo, uso wake huteremka na kutoweka. Pembe hiyo ya kuinama ndiyo Al-Biruni aliyoipima, akaiona kuwa dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii, maana digrii moja ina dakika 60.

Sasa ichore pembetatu yenye ncha tatu: kitovu cha dunia, jicho la mpimaji, na mahali ambapo mstari wa jicho unagusa nchi kule kwenye upeo, kama kilomita 64 kutoka pale. Mstari ugusao duara huwa na pembe mraba na nusukipenyo cha mahali pale, na pembe iliyo kwenye kitovu cha dunia ni sawa na ile dakika 34 ya kuinama. Basi ukigawanya nusukipenyo cha dunia kwa nusukipenyo hicho hicho pamoja na urefu wa mlima, unapata kosaini ya pembe ile. Urefu wa mlima unajulikana, kosaini inajulikana, na kisichojulikana ni nusukipenyo peke yake. Hii ni hesabu ambayo kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne aweza kuimaliza kwenye karatasi moja.

Jibu la Al-Biruni lilikuwa zaidi kidogo ya dhiraa 12,800,000. Alipolilinganisha na kipimo cha watu wa al-Ma'mun aliona vinakaribiana sana, akaridhika. Tukiichukua dhiraa moja kuwa kama sentimita 49, nusukipenyo chake ni karibu kilomita 6,300. Nusukipenyo cha wastani tunachokijua leo ni kilomita 6,371.

Watu wengi wakifika hapa husimama na kushangilia, lakini mpimaji wa kweli hana budi kuuliza zaidi. Dakika moja ya pembe ni kitu kidogo sana. Ni kama kuutazama upana wa sentimita moja kutoka umbali wa mita 34. Hata hivyo, kama Al-Biruni angesoma dakika 35 badala ya 34, nusukipenyo chake kingepungua kwa zaidi ya kilomita 350. Tena nuru inapopita hewani hupinda kidogo, na katika mlima wa kimo kile mpindo huo huweza kuubadilisha mwinamo kwa kama dakika mbili. Hili yeye hakulitia katika hesabu. Urefu kamili wa dhiraa yake nao haukubaliwi na wataalamu wote. Na mtu akirudia hesabu yake leo kwa kikokotoo, kwa dhiraa 652 na dakika 34 zile zile, atapata zaidi ya 13,300,000, kwa sababu majedwali ya siku zile hayakutosha kutoa tofauti ndogo namna hiyo. Basi kukaribia kwake ukweli kulitokana kwa sehemu na bahati. Lakini njia yenyewe haikuwa bahati. Njia ilikuwa sahihi, na kilichokosekana ni vyombo tu. Kumsifu mtu kwa haki ni bora kuliko kumsifu kwa kuzidisha.

Habari hizi zote ziko katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025 juu ya kutafuta mipaka ya mahali na umbali wa miji. Shabaha yake ilikuwa kujua mji wa Ghazna uko wapi hasa, na hivyo kuonyesha kibla chake kwa hesabu wala si kwa kukisia. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki twajua kwamba misikiti yetu huelekea upande wa kaskazini, lakini mtu wa Ghazna huelekea upande wa magharibi, na kila mji una pembe yake. Ili kupata longitudo ya Ghazna, Al-Biruni alikusanya habari za njia za misafara toka Baghdad, mji hata mji. Alijua kwamba njia hupinda na wasafiri huongeza, kwa hiyo alipunguza umbali kwa kadiri ya kupinda huko. Kisha alifuata njia zaidi ya moja ili jibu moja lilihakikishe jingine. Kosa lililobaki kati ya Baghdad na Ghazna halikufika hata digrii moja.

Katika Bara Hindi hakupima milima tu. Alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wenye elimu wa Kihindi, na mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya dini, hesabu na desturi zao. Alikuwa amefika pamoja na jeshi lililovunja mahekalu yao, lakini katika kitabu chake alieleza mambo yao kama wao wenyewe walivyoyaeleza. Katika kitabu hicho limo neno dogo linalotuhusu sisi. Aliandika kwamba bandari ya Somnath, katika Gujarat, ilipata sifa kwa kuwa kituo cha mabaharia waliokwenda na kurudi kati ya Uchina na Sufala katika nchi ya Zanji. Sufala hiyo ni ya pwani ya Msumbiji. Ni wazi kwamba majahazi ya pwani yetu yalijulikana hata kwa mtu aliyekaa katika milima ya Ghazna, mbali na bahari.

Baada ya Mahmud kufa, mwanawe Mas'ud alimtunza vizuri zaidi. Al-Biruni alimwandikia kitabu kikubwa cha elimu ya nyota, na yasimuliwa kwamba Sultani alimpelekea mzigo wa fedha uliobebwa na ndovu mzima, naye akaurudisha, akaona haumfai kitu. Alipofika uzeeni aliorodhesha vitabu alivyoviandika, navyo vilizidi 100. Macho yalikuwa yamechoka na masikio yamekuwa mazito, lakini bado alikuwa akiandika kitabu juu ya dawa.

Alikufa Ghazna katikati ya karne ya 11. Yasimuliwa kwamba alipokuwa katika siku yake ya mwisho alitembelewa na rafiki aliyekuwa mwanasheria. Mgonjwa alimwuliza juu ya fungu la mirathi ambalo walikuwa wamelizungumza zamani. Rafiki alimwonea huruma, akasema huu si wakati wake. Al-Biruni akamjibu kwamba ni afadhali kuiaga dunia akiwa analijua jambo lile kuliko kuiaga akiwa halijui. Basi rafiki akamweleza, naye akalirudia mpaka akalihifadhi. Rafiki alipotoka hata njiani alisikia kilio nyumbani.

Siku hizi dunia hupimwa kwa satelaiti, nasi twajua kwamba si mviringo kamili, maana nusukipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Hata hivyo kazi ya pembe na umbali haijaondoka. Katika bara letu wapimaji walipanda mlima baada ya mlima kuufuata mstari wa meridiani ya 30, toka Afrika ya Kusini hata Misri, wakapita magharibi ya Tanganyika na Uganda, na kazi hiyo ya zaidi ya miaka 70 ilikamilika mwaka 1954. Ramani na hati za mashamba hutegemea vipimo vya namna hiyo. Ndugu na majirani hugombana kwa sababu ya mpaka uliokisiwa tu, na ugomvi huo huenda ukaishi kuliko wao. Kipimo cha haki kingaliumaliza siku moja.

Mara nyingi sisi wanafunzi husema hatuwezi kufanya jambo hili au lile kwa kuwa hatuna vyombo, au vitabu havitoshi. Ni kweli kwamba vyombo vina faida, na Al-Biruni angalifurahi kuwa navyo. Lakini vita vilimnyang'anya pete yake kubwa, mfadhili alimwacha uwandani, na sultani akamchukua kutoka kwao. Hakuna kati yao aliyeweza kumnyang'anya hesabu aliyokuwa nayo kichwani. Alipokosa chombo alichora tao nyuma ya ubao, na alipokosa watu wa kuvuta kamba alingoja mpaka akapata mlima. Timazi haina gharama, ni uzi na jiwe. Kinachotakiwa ni mtu wa kuitundika na kuisoma kwa uaminifu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne